Gari Linasema Hakukanyaga

Haya, nawategea, na anayejua ajibu kabla sijameza mate. Nina mpelelezi wangu, hana macho wala masikio, amefungiwa gizani ndani ya chuma, na kazi yake maisha yote ni moja tu: kueleza mguu wa mwenzake umekanyaga kwa nguvu kiasi gani. Ni nani huyo?

Hamjui. Nipeni mji. Tanga? Tanga nimeshapewa mara nyingi, nipeni mwingine. Bukoba? Haya, nimekwenda Bukoba, nimekula senene, nimeshiba, nimerudi. Jibu lenu ni sensa ya presha ya breki. Kidude chenyewe hakizidi kidole gumba, lakini wiki moja, huko milimani Usambara, kilikuwa karibu kumfutia mtu mkono.

Mtu mwenyewe ni Mzee Singano, dereva wa gari la kijiji cha Kwemlali. Siku hizo gari haliamki kwa ufunguo. Unaweka kiganja juu ya usukani, gari linakutambua, linawaka. Ukikosa barabarani kosa kubwa, Baraza la Barabara linakufuta mkono, na kuanzia hapo hakuna gari litakaloamka kwa ajili yako mpaka unaingia kaburini, hata trekta la kulimia viazi.

Gari lilifika gereji ya Mwanahiba Hoza saa tatu asubuhi, limebebwa mgongoni mwa lori, pua imebonyea, taa moja inaning'inia kwa waya wake. Nyuma ya lori Mzee Singano alikuja kwa miguu, plasta kwenye paji la uso, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee Singano."

"Marahaba, binti Hoza. Nimekuletea muuaji wangu."

"Mbona sijaona maiti?"

"Subiri Alhamisi."

Alhamisi ndiyo siku Baraza lilikuwa linakaa. Mwanahiba alifuta mikono kwa kitambaa, akazunguka gari mara moja bila kuligusa, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Kisha akasema, "Shahidi, eleza."

Ndani ya kila gari alikaa Shahidi. Hakuwa mtu, alikuwa kijisanduku chini ya kiti kinachosikiliza sensa zote na kukumbuka kila neno kilichoambiwa na sensa hizo. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mpole, mithili ya nesi anayekuambia sindano haitauma.

"Jumatatu, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri," alisema Shahidi. "Kona ya Sabuni. Mwendo, kilomita hamsini na nne kwa saa. Ukungu mzito. Presha ya breki, sifuri. Dereva hakukanyaga."

"Mwongo!" Mzee Singano aliipiga kofia yake kwenye goti. "Nilikanyaga mpaka nikasimama! Makalio yaliachana na kiti, wallahi!"

"Dereva hakukanyaga," likarudia gari.

"Unamsikia? Hata haya hana. Miaka thelathini na moja natelemka ile kona. Watoto tisa wamezaliwa nyuma ya kiti changu, wawili wao pacha. Leo nashindana na sanduku."

Abiria alikuwa mmoja tu siku hiyo, Mwalimu Asteria, akirudi kutoka mjini na maboksi ya chaki. Gari liliingia kwenye ukingo wa udongo, naye akavunjika mfupa wa paja. Sasa yuko hospitali, mguu umetundikwa kwa kamba.

"Mwalimu anasemaje?" aliuliza Mwanahiba.

"Mwalimu alikuwa anahesabu chaki. Anasema alisikia ninapiga kelele 'Breki! Breki!' Baraza limemjibu kelele si breki."

Sheria ndivyo ilivyokuwa. Neno la Shahidi halipingwi na neno la mtu, maana watu walikuwa wamesema uongo sana barabarani kabla ya hapo. Kitu kimoja tu kingeweza kulipinga, nacho ni taarifa ya fundi aliyeandikishwa kwa gari hilo, iwe na hitilafu iliyoonekana na sababu yake. Hitilafu bila sababu, taarifa inarudishwa.

"Vua koti, mzee," alisema Mwanahiba. "Leo utakanyaga sana."

*

Ngoja niwaeleze breki za magari yale, maana si hizi mnazozijua. Zamani mguu ulisukuma mafuta, mafuta yakaenda kubana gurudumu, basi. Magari yale mguu ulisukuma mafuta kidogo tu, hatua mbili tatu, mpaka kwenye sensa. Sensa inapima msukumo, inaugeuza umeme, inaupeleka kwa ubongo wa gari. Ubongo ukishaambiwa, ndipo unaziamuru mota nne zibane magurudumu manne. Sensa isiposema kitu, mota hazina habari. Unaweza kukanyaga mpaka ukatoboa sakafu, gari linakwenda zake.

Mwanahiba aliweka kiganja kwenye boneti, ikafunguka. Sensa ilikuwa imesimama juu ya bomba la breki, upande wa kushoto, plagi yake imefungwa na nyaya tatu zikitoka: nyekundu ya kuleta umeme, nyeusi ya kuurudisha, na njano ya kupeleka habari. Alichomeka sindano za mita yake nyuma ya plagi bila kuifungua. Fundi mwenye haraka huanza kwa kufungua, na akishafungua ameshaufukuza ugonjwa.

"Nyekundu, volti tano. Sawa," alijisemea. "Nyeusi safi. Njano... nusu volti."

"Nusu? Si ndiyo imekufa hiyo?"

"Hapana, mzee. Nusu volti ndiyo lugha yake ya kusema mguu umepumzika. Ingekufa kabisa ingesema sifuri tupu, na gari lingewasha taa nyekundu. Taa iliwaka?"

"Haikuwaka."

"Basi kanyaga."

Mzee Singano akakanyaga. Mita ikapanda, moja, mbili, tatu. Akaachia, ikashuka nusu. Mwanahiba hakuridhika. Alifunga geji ya mshale kwenye bomba lenyewe la mafuta, geji ya zamani ya baba yake ambayo haikujua umeme ni nini, ili mafuta yajisemee yenyewe. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Mshale na mita vilipanda pamoja na kushuka pamoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

Alitikisa nyaya huku mzee amekanyaga. Hakuna kilichobadilika. Akagonga bomba kwa mpini wa bisibisi. Hakuna.

Ilipofika saa sita Mzee Singano alikuwa ameshakanyaga mara mia na zaidi.

"Binti Hoza, sema tu. Sensa ni nzima."

"Hapa ni nzima."

"Na mimi ni mwongo."

"Mzee, ulikula nini jana?"

"Makande. Kwa nini?"

"Basi kale tena, unanichanganyia akili."

Alikwenda kweli, akarudi na makande ya mkewe kwenye hotipoti, wakala wamekaa juu ya tairi. Jua lilikuwa kali na boneti ilikuwa ya moto, huwezi kuishika. Mwanahiba aliitazama akitafuna. Jana Kona ya Sabuni hapakuwa na jua. Kulikuwa na ukungu wa kulowesha nyusi. Na sensa iliyosingiziwa jana ilikuwa imelowa, hii anayoipima leo imekauka kama dagaa.

Alisimama akawasha stovu.

"Chai sasa hivi?" aliuliza Mzee Singano.

"Si yako. Ya gari."

Birika lilipochemka alilishika kwa kitambaa, akaupeleka mdomo wake chini ya plagi, mvuke ukapanda ukaizunguka ile sensa kama ukungu. Akahesabu mpaka mia mbili.

"Kanyaga, usiachie."

Mshale wa geji ukapanda mpaka themanini, ukatulia. Mafuta yamesukumwa. Mita ya umeme ilifika volti moja na kitu, ikasita, kisha ikateremka polepole mpaka nusu. Ikakaa hapo.

"Shahidi," alisema Mwanahiba kwa sauti ya chini, "dereva anafanya nini?"

"Presha ya breki, sifuri," lilijibu gari. "Dereva hakukanyaga."

Na Mzee Singano alikuwa ndani, meno yamekazwa, goti linatetemeka, amekanyaga kwa uzito wake wote.

Hakushangilia. Aliweka kichwa juu ya usukani, akakaa hivyo kitambo, mabega yakimtikisika. Mwanahiba alijifanya anatafuta spana.

Ndipo akaifungua plagi. Raba ya kuziba maji ilikuwa imepasuka ukingoni, na ndani, katikati ya pini ya njano na pini nyeusi, palikuwa na utando wa kijani na punje nyeupe. Utando ule ukiwa mkavu haufanyi kitu. Ukinywa unyevu unakuwa daraja, habari ya waya wa njano inavukia kwenye waya mweusi na kupotea kabla ya kufika kwa ubongo wa gari. Kwa hiyo gari halikusema uongo. Lilisema lilichoambiwa.

Alichovya ncha ya kidole kwenye zile punje nyeupe, akaweka ulimini.

"Nini?" Mzee Singano alikuwa ameshatoka, macho mekundu.

"Chumvi."

Mzee alichukua kofia yake, akaizungusha vidoleni, akaiweka, akaichukua tena. Kisha akauliza polepole, "Ni mke wangu, siyo?"

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke. Mwanahiba aliinama akazima stovu, akawa anaifunga funga koki yake isiyohitaji kufungwa.

"Bi Mwanamkuu kila Ijumaa analizunguka gari na chumvi ya mawe," alisema Mzee Singano. "Ya hasadi. Anatupa kwenye matairi, anatupa juu ya boneti, anataja majina ya majirani. Mimi nacheka. Sasa..." Akasogea karibu. "Sheria inasemaje kwa mtu asiye fundi akitia kitu kigeni kwenye gari?"

"Miaka miwili."

"Ana sukari yule. Jela atamaliza mwezi?" Alimshika Mwanahiba mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwanangu, baba yako nilimzika mimi. Niliingia kaburini nikampokea kwa mikono hii. Usiandike chumvi. Andika gari zima. Waache wanifute mkono, nitalima karoti."

*

Mzee alipoondoka Mwanahiba alikaa kwenye kiti cha baba yake akitazama ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango.

Ilikuwa ndoo ya bluu, na ndani yake kikombe cha bati. Kila gari lililotengenezwa katika gereji ile, kabla ya kukabidhiwa, liliagwa. Boneti ikiwa bado wazi, fundi anakoroga maji na chumvi, anamwaga kikombe kimoja juu ya injini, anasema, "Nenda na watu wako, rudi na watu wako," ndipo anafunga. Baba yake alianza hivyo, na mlima mzima ukazoea. Yeye mwenyewe hakuwa anaamini wala kukataa. Lakini mteja akiona gari halijaagwa halichukui. Mzee Singano huyuhuyu aliwahi kugoma pale mlangoni siku Mwanahiba, kwa haraka, alipokuwa amesahau kikombe: "Unanipa gari hivihivi, kama mkate?"

Injini za baba yake zilikuwa chuma na grisi. Chumvi ilizipaka kutu kidogo, hazikujali. Hizi za sasa zilikuwa nyaya na pini nyembamba kama mguu wa sisimizi, na binti akaendelea kumwaga kilekile kikombe mahali palepale.

Chumvi ya Bi Mwanamkuu ilikuwa ya mabonge, ilidunda juu ya boneti ikaanguka chini kuku wakaichokora. Haikuweza kuingia. Boneti ya gari la siku zile haikufunguliwa na mwenye gari, wala mkewe, wala shetani. Ilifuata kiganja cha fundi mmoja tu aliyeandikishwa. Mzee Singano hakuwahi kufikiri hilo kwa kuwa tangu aanze kuendesha aina hii ya magari hakuwahi kufungua boneti, kwa hiyo alidhani chumvi hupenya kama inavyopenya kwenye nyama.

Alifungua karatasi ya taarifa kwenye kioo cha mkononi. *Hitilafu:* Sensa ya presha ya breki inapoteza habari ikilowa. Hilo aliliandika bila kusita. *Sababu.* Hapo kidole kikasimama.

Fundi aliyeharibu gari alilokabidhiwa hufutwa kiganja. Boneti zote zinamkataa siku hiyohiyo. Gereji hii ilikuwa na magari kumi na tisa ya mlima, na Mwanahiba hakujua kazi nyingine. Alijifunza kutambua spana kabla ya herufi.

Aliwaza hivi: mzee hataki chumvi iandikwe. Mimi sitaki iandikwe. Na kweli bila ukungu sensa isingenyamaza. Yale magari mengine nitayaita moja moja, nitasafisha plagi, nitabadilisha raba, nani atajua? Hakuna anayeumia.

Akaandika: *Ukungu.* Akapeleka.

Jioni ile alimwaga maji ya ndoo kwenye mtaro, na mikono ikawa mizito kana kwamba kabeba injini.

*

Baraza lilikaa ukumbi wa shule, saa nane mchana, kwa kuwa ndio ukumbi wenye viti. Mkaguzi alikuwa Bi Tumsifu, mama mfupi wa miwani, mwenye kikohozi, aliyetoka makao makuu na thamosi yake mwenyewe. Mzee Singano alivaa kanzu. Mkewe, Bi Mwanamkuu, alikaa safu ya mbele na kikapu mapajani, akimpungia kila aliyemtazama, maana hakuambiwa chochote zaidi ya kwamba fundi ameona sensa mbovu.

"Wameshamwachia?" alimnong'oneza Mwanahiba. "Nimeleta maandazi. Chukua wewe la kwanza, ndiwe uliyemwokoa mume wangu."

Mwanahiba alilipokea. Lilikuwa bado la moto.

Shahidi alieleza yake kwa sauti yake ya nesi. Kisha Mwanahiba akaeleza yake, mita na geji na birika, na watu wakaguna kwa kuridhika. Bi Tumsifu aliandika, akakohoa, akanywa kikombe, akavua miwani.

"Kazi nzuri, fundi. Hitilafu naipokea. Ila hii sababu inanikwaza. Ukungu wa mlima huu unashuka juu ya magari mangapi?"

"Mia tatu na kitu, Bi Mkaguzi."

"Yana sensa aina hiihii?"

"Mengi yake."

"Na yote yanapita Kona ya Sabuni, na yote yanafunga breki." Aliweka kalamu. "Kwa hiyo nina njia mbili. Ama ukungu ndio sababu, nisimamishe magari yote mia tatu leo, na lile la kubeba wagonjwa likiwemo. Ama ukungu si sababu, na taarifa yako narudisha, Shahidi anabaki na neno lake. Kuna kitu kingine ulikiona ndani ya plagi?"

Nje ya dirisha kuku wa mwalimu mkuu walikuwa wanaparua. Mwanahiba alilishika lile andazi kwa mikono miwili.

Mzee Singano akasimama.

"Bi Mkaguzi, msimsumbue binti wa watu. Hakuna kitu. Mimi nilisinzia."

"Baba Sauda!" Bi Mwanamkuu aliinuka, kikapu kikadondoka, maandazi yakatawanyika sakafuni. "Umesinzia lini wewe? Mtu hata kitandani hulali!"

"Kaa chini, mke wangu."

"Sikai! Unajisingizia nini? Nani kakutuma?"

"Nimesema nilisinzia. Andika, Bi Mkaguzi."

"Unajua unachokiomba, mzee?" aliuliza Bi Tumsifu. "Nikishaandika siwezi kufuta. Na mwenye paja lililovunjika ana haki ya kukushitaki."

"Najua."

Bi Tumsifu alichukua kibao cheusi cha kufutia mikono, akakisogeza mezani. Mzee Singano alipandisha mkono wa kanzu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na sugu kiganjani, alama ya usukani wa miaka thelathini na moja. Alipokuwa anaunyoosha hakumtazama Mkaguzi wala kibao. Alimtazama Mwanahiba, kwa namna ya mtu anayemshukuru mwenzake kwa kumtunzia siri, hata akatabasamu kidogo.

Tabasamu lile ndilo lililomshinda. Angemlaani, angeweza kuvumilia.

"Mzee Singano," alisema Mwanahiba, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, kuku wakanyamaza. "Usiweke mkono hapo. Juzi uliniuliza jambo, sikukujibu."

"Tulishamaliza, mwanangu. Nyamaza."

"Hatujamaliza. Uliniuliza kama ni mkeo." Aliweka andazi juu ya meza ya Mkaguzi, akaupandisha mkono wa blauzi yake mwenyewe mpaka kwenye kiwiko. "Siyo Bi Mwanamkuu. Chumvi nimeimwaga mimi, kwa kikombe, kila nilipokukabidhi gari."